Ilikuwa Siku Gani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Siku ya Juma ya Tarehe za Zamani

"Tarehe ninayo, siku ndiyo siijui." Maswali mengi huanza hivyo. Jibu mara nyingine ni la dakika moja, mara nyingine ni la jioni nzima, kutegemea tarehe hiyo iliandikwa wapi, iliandikwa na nani, na kwa kalenda gani.

Siku ya juma ina faida gani? Si tarehe inatosha?

Tarehe inatosha mpaka utakapoitilia shaka. Mwandishi huandika 18 akikusudia 13, mnakili huruka tarakimu, na kalenda mbili huipa asubuhi moja tarehe mbili zilizopishana siku kumi. Siku ya juma haikosewi kirahisi namna hiyo. Mtu husahau leo ni tarehe ngapi, lakini ni nadra asahau kwamba leo ni Ijumaa, kwa sababu ibada, kazi na mapumziko yake vyote vinamkumbusha. Kwa hiyo hati inayosema "Jumanne, 29 Mei 1453" inakuletea mashahidi wawili, na mashahidi wawili unaweza kuwahoji mmoja dhidi ya mwingine. Hati yenye tarehe peke yake ina shahidi mmoja tu, nawe huna budi kumwamini.

Kalenda zilipobadilishwa, juma halikukatika?

Halikukatika. Ningependa kila anayeanza alishike hili kabla ya jambo jingine lolote. Papa Gregori XIII aliporekebisha kalenda, Hispania, Ureno, Poland na sehemu kubwa ya Italia zililala Alhamisi 4 Oktoba 1582 zikaamka Ijumaa 15 Oktoba. Tarehe kumi zilifutwa, lakini Ijumaa ilikuja baada ya Alhamisi kama ilivyozoea. Uingereza na makoloni yake walingoja hadi 1752: Jumatano 2 Septemba ikafuatwa na Alhamisi 14 Septemba. Urusi ilitoka Jumatano 31 Januari 1918 ikaingia Alhamisi 14 Februari. Ugiriki ilitoka Jumatano 15 Februari 1923 ikaingia Alhamisi 1 Machi.

Tarehe iliruka, siku ikaendelea kutembea. Ndiyo maana siku moja inaweza kuwa na tarehe mbili na bado ikawa na jina moja tu la juma. Mapinduzi ya Urusi yaliyoitwa ya Oktoba yalitokea 25 Oktoba 1917 kwa Kalenda ya Juliasi, ile ya zamani, yaani 7 Novemba kwa Kalenda ya Gregori, ile iliyorekebishwa. Piga hesabu ya kila tarehe kwa kanuni ya kalenda yake: zote mbili zitakupa Jumatano.

Basi hakuna mahali popote lilipokatika?

Yapo machache, lakini chanzo chake ni mstari wa tarehe wa kimataifa, ule wa Pasifiki ambao ukiuvuka tarehe hubadilika kwa siku moja, siyo kalenda. Alaska ilipotoka mikononi mwa Urusi kwenda Marekani, Ijumaa 6 Oktoba ilifuatwa na Ijumaa nyingine, 18 Oktoba 1867. Kalenda ilibadilika na upande wa mstari ukabadilika kwa pamoja, hivyo tarehe zikaruka na siku ikajirudia. Ufilipino iliruka Jumanne 31 Desemba 1844: Jumatatu ya tarehe 30 ikafuatwa na Jumatano 1 Januari 1845. Samoa imeonja yote mawili. Mwaka 1892 ilikuwa na Jumatatu mbili za 4 Julai, na mwaka 2011 haikuwa na Ijumaa 30 Desemba.

Kama tarehe yako inatoka katika maeneo hayo na ni ya kabla ya mabadiliko, hesabu ya kawaida bado itakupa siku iliyotumika pale, lakini ukihesabu siku moja moja kuvuka mabadiliko hayo, utakosea kwa moja. Kwingine kote, tulia.

Nina tarehe moja mkononi. Nianzie wapi?

Anza kwa kuiuliza iliandikiwa wapi. Mwaka peke yake hautoshi kukuambia kalenda. Tarehe ya 1650 iliyoandikwa Madrid ni ya Gregori, ya mwaka huo huo iliyoandikwa London ni ya Juliasi. Ujerumani ndiyo inayotaka uangalifu zaidi, kwa sababu majimbo ya Kikatoliki yalihamia Gregori katika miaka ya 1580, wakati mengi ya Kiprotestanti yalisubiri hadi 1700. Miji jirani iliweza kuwa na tarehe tofauti kwa zaidi ya karne nzima. Uswidi nayo ilijaribu kuhama polepole, ikaacha siku ya mwaka mrefu (29 Februari) mwaka 1700, kisha ikaghairi, na ili kurudi kwenye Juliasi ikalazimika kuwa na tarehe 30 Februari 1712. Tarehe hiyo ilikuwapo kweli, na ilikuwa Ijumaa. Ukiikuta kwenye hati usimsingizie mwandishi.

Kisha uliza mwaka ulianza lini. Hili nimelitengea swali lake hapa chini, maana ndilo linalowaangusha wengi.

Nifanyeje hesabu mwenyewe, bila kompyuta?

Kiswahili kimekurahisishia kazi nusu. Siku zetu zina namba ndani ya majina yake: Jumamosi 1, Jumapili 2, Jumatatu 3, Jumanne 4, Jumatano 5. Baada ya hapo Alhamisi ni 6, na Ijumaa ni 7, ambayo katika hesabu ya kugawanya kwa saba huonekana kama 0. Nimezipanga namba za kanuni hii ili jibu lijisome lenyewe: ukibakiwa na nne, ni Jumanne.

Jumlisha vitu vitano: tarehe, namba ya mwezi, tarakimu mbili za mwisho za mwaka, robo ya tarakimu hizo bila sehemu, na namba ya karne. Gawanya kwa 7. Baki ndiyo siku yako.

Namba za miezi, kuanzia Januari, ni 1, 4, 4, kisha 0, 2, 5, kisha 0, 3, 6, kisha 1, 4, 6. Zikariri kwa mafungu matatu-matatu: 144 ni 12 mara 12, 025 ni 5 mara 5, 036 ni 6 mara 6, na 146 ni lile fungu la kwanza likiongezwa mbili. Mwaka ukiwa mrefu, na tarehe ikiwa ya Januari au Februari, punguza 1 kwenye jumla.

Namba ya karne kwa Kalenda ya Juliasi hupatikana kwa kutoa mamia ya mwaka kutoka 19. Mwaka 1453 una mamia 14, kwa hiyo 19 − 14 = 5. Mwaka 1649: 19 − 16 = 3. Kwa Kalenda ya Gregori, miaka ya 1500 (kuanzia Oktoba 1582) ni 1, ya 1600 ni 0, ya 1700 ni 5, ya 1800 ni 3, ya 1900 ni 1, na ya 2000 ni 0.

Tuchukue siku Konstantinopoli ilipotekwa na Waosmani, 29 Mei 1453. Kalenda ni Juliasi, maana ya Gregori ilikuwa bado haijazaliwa. Tarehe 29, Mei 2, mwaka 53, robo yake 13, karne 5. Jumla 102. Saba zinaingia mara 14, yaani 98, inabaki 4. Jumanne. Wasimulizi wa wakati ule nao wanasema Jumanne.

Jaribu mwenyewe 4 Oktoba 1582 kwa Juliasi na 15 Oktoba 1582 kwa Gregori. Ya kwanza itabakiza 6, ya pili 0. Alhamisi, Ijumaa. Mimi kila ninapofundisha mtu kanuni hii humwachia tarehe hizo mbili kwanza. Anapoziona zinafuatana licha ya tarehe kumi zilizopotea katikati, hahitaji tena maelezo yangu.

Mwaka mrefu ni upi katika kila kalenda?

Juliasi: kila mwaka unaogawanyika kwa 4, bila kubagua. Gregori: vivyo hivyo, ila miaka ya mwisho wa karne lazima igawanyike kwa 400. Kwa hiyo 1700, 1800 na 1900 ni mirefu kwa Juliasi na mifupi kwa Gregori, na ndiyo sababu pengo kati ya kalenda hizi hukua. Lilikuwa siku 10 tangu 1582, likawa 11 katika karne iliyoanzia 1700, 12 katika iliyofuata, na sasa ni 13 hadi mwaka 2100.

Mwaka umeandikwa 1648/9. Nitumie upi?

Tumia wa pili, na umshukuru aliyeandika yote mawili.

Nchini Uingereza mwaka wa kiserikali ulianza 25 Machi, hadi mabadiliko ya miaka ya 1751 na 1752. Mtu aliyeandika barua Januari au Februari alikuwa bado anaandika mwaka tunaouita uliopita. Mfalme Charles I alikatwa kichwa London tarehe 30 Januari. Watu wa siku ile waliuita mwaka huo 1648, sisi tunauita 1649. Tupige hesabu kwa njia zote tatu ambazo mtu anaweza kuingia nazo.

Njia ya kwanza, Juliasi na mwaka 1649: 30 + 1 + 49 + 12 + 3 = 95, inabaki 4. Jumanne.

Njia ya pili, Juliasi na mwaka 1648 kama ulivyoandikwa: 30 + 1 + 48 + 12 + 3 = 94. Mwaka 1648 ni mrefu, punguza 1, ni 93, inabaki 2. Jumapili.

Njia ya tatu, mwaka 1649 lakini kwa Gregori: 30 + 1 + 49 + 12 + 0 = 92, inabaki 1. Jumamosi.

Tarehe moja, majibu matatu, na kila hesabu haina kosa la kujumlisha hata moja. Iliyo sahihi ni ya kwanza: mfalme aliuawa Jumanne. Nimewahi kumpa mtu jibu la Jumapili kwa sababu tu nilisoma 1648 nikaishia hapo, na ilinibidi nimtafute kumsahihisha. Tangu siku ile, kila tarehe ya Uingereza iliyo kati ya 1 Januari na 24 Machi, kabla ya 1752, huwa naizungushia duara kabla sijagusa kalamu.

Na Uingereza haikuwa peke yake. Uskoti ilikuwa imeshahamia 1 Januari tangu 1600, hivyo barua mbili za Februari 1640, moja ya Edinburgh na moja ya London, zaweza kuwa na miaka tofauti zikiwa za wiki moja. Venice ilianza mwaka 1 Machi, Florence 25 Machi, Konstantinopoli ya Kirumi 1 Septemba.

Shakespeare na Cervantes walifikwa na mauti siku moja?

Hapana. Shakespeare alifariki 23 Aprili 1616, na Cervantes alizikwa Madrid 23 Aprili 1616, lakini Uingereza ilihesabu kwa Juliasi na Hispania kwa Gregori. Ile ya Madrid ilikuwa Jumamosi. Ile ya Shakespeare ilikuwa Jumanne, 3 Mei kwa hesabu ya Hispania. Hapa siku ya juma peke yake inakata mzizi wa fitina: tarehe zinafanana, siku hazifanani, kwa hiyo si siku moja.

Tarehe yangu ni ya Hijria. Nifanyeje?

Mwaka wa Hijria ni wa mwezi mwandamo: miezi 12, siku 354 au 355. Kuna hesabu ya jedwali ambayo wataalamu wameitumia kwa karne nyingi. Katika kila miaka 30, miaka 11 hupewa siku moja zaidi, na kwa mpangilio unaotumika sana miaka hiyo ni ya 2, 5, 7, 10, 13, 16, 18, 21, 24, 26 na 29. Miezi hupokezana siku 30 na 29, Muharram ikianza na 30. Siku ya kwanza kabisa, 1 Muharram mwaka 1, huwekwa Ijumaa 16 Julai 622 kwa Juliasi.

Ukiwa na hayo huhitaji kupitia kalenda ya Gregori hata kidogo. Waosmani wenyewe waliandika kwamba Konstantinopoli iliangukia mikononi mwao 20 Jumada al-ula 857. Miaka iliyokwisha kamili ni 856, yaani mizunguko 28 ya miaka 30, na miaka 16 juu yake. Mzunguko mmoja una siku 10,631, ambazo zikigawanywa kwa 7 zinabakiza 5. Mara 28 ni 140, inabaki 0. Mwaka mmoja wa siku 354 unabakiza 4, mara 16 ni 64, ongeza siku 6 za miaka mirefu iliyomo, ni 70, inabaki 0 tena. Miezi minne iliyotangulia ni 30 + 29 + 30 + 29, yaani 118, inabaki 6. Ongeza tarehe 20, ni 26, inabaki 5. Ondoa 1, kwa sababu hesabu ilianza Ijumaa. Imebaki 4. Jumanne.

Ni ile ile Jumanne tuliyoipata kwa 29 Mei. Kalenda moja inafuata jua na nyingine mwezi, hazina mwezi wala mwaka wanaoshirikiana, na bado zimekutana kwenye siku ileile ya juma. Nimepiga hesabu hii mara nyingi na bado nafurahi kila inapofika.

Lakini jedwali si mwezi angani. Mahali mwezi ulipoandama kwa kuonekana kwa macho, tarehe iliyoandikwa inaweza kupishana na jedwali kwa siku moja, pengine mbili. Basi hati ikisema "Alhamisi tarehe 12" na jedwali likasema tarehe 12 ilikuwa Ijumaa, usimfute mwandishi. Chukua Alhamisi kama ilivyo, kisha tafuta Alhamisi iliyo karibu zaidi na tarehe ya jedwali. Huko kwao mwezi ulihesabiwa siku moja mapema, basi.

Hati ya Kiswahili inasema "Mfungo Nane". Huo ni mwezi wa nane wa Hijria?

Sivyo. Mifungo huhesabiwa kuanzia baada ya Ramadhani: Mfungo Mosi ni Shawwal, Mfungo Nne ni Muharram, Mfungo Sita ni Rabi al-awwal. Mfungo Nane ni Jumada al-ula, mwezi wa tano wa mwaka wa Hijria. Mwaka wenyewe hubadilika Mfungo Nne, katikati ya mifungo. Ukisahau hilo, utakosea mwaka kwa miezi mitatu ya kwanza ya mfungo.

Tukio lilikuwa usiku. Usiku wa siku ipi?

Swali hili linastahili heshima kuliko linavyopewa. Katika kalenda ya Hijria na ya Kiyahudi siku huanza jua linapozama. Usiku hutangulia mchana wake. "Usiku wa Ijumaa" kwa hesabu hiyo ndio ule ambao kwa saa za usiku wa manane bado ni Alhamisi. Kiswahili kina msemo unaoondoa utata wote: usiku wa kuamkia Ijumaa. Unapoandika matokeo yako, uandike hivyo hivyo, na atakayekuja baada yako hatapotea.

Ukikuta pengo la siku moja kamili kati ya hati ya Kiarabu na ya Kizungu kuhusu tukio lile lile, na tukio ni la usiku, anza kushuku machweo kabla hujashuku mwezi.

Nimetafsiri jina la siku kutoka lugha nyingine, na halioani na hesabu.

Rudi kwenye jina. Watu wengi huhesabu siku, lakini hawaanzii mahali pamoja. Sisi tunaanzia Jumamosi. Waarabu wanaanzia Jumapili, *al-ahad*, ya kwanza. Kwa hiyo *al-thulatha*, inayosikika kama "tatu", ni Jumanne yetu, na *al-arbia*, "nne", ni Jumatano. Lugha yetu yenyewe imebeba hesabu zote mbili: Jumatano ni ya tano kwa kuhesabu kwetu, na siku inayofuata, Alhamisi, nayo ni "ya tano", kwa Kiarabu. Tano mbili zimekaa bega kwa bega.

Wareno nao wanaanzia Jumapili, hivyo *segunda-feira*, siku ya pili, ni Jumatatu, na *quinta-feira* ni Alhamisi. Warusi wanaanzia Jumatatu: *vtornik*, lenye asili ya "pili", ni Jumanne, na *pyatnitsa*, lenye asili ya "tano", ni Ijumaa. Mtu akiifasiri "siku ya tano" bila kuuliza ya tano kwa nani, anaweza kutua Jumatano, Alhamisi au Ijumaa. Andika kwanza jina la siku kwa lugha ya hati kama lilivyo, ndipo uandike la Kiswahili pembeni yake.

Kalenda ya Ethiopia na ya Kiyahudi je?

Kalenda ya Ethiopia ina miezi 12 ya siku 30 na wa kumi na tatu, Pagume, wenye siku 5 au 6. Mwaka wake uko nyuma ya Gregori kwa 7 au 8, na juma lake ni lile lile. Vita vya Adwa vilipiganwa 23 Yekatit 1888, ambayo ni 1 Machi 1896, Jumapili. Sasa tazama: 23 Yekatit ya siku hizi huangukia 2 Machi. Sababu ni kwamba Gregori iliacha siku ya mwaka mrefu mwaka 1900, Ethiopia haikuiacha. Anayechukua jedwali la leo kubadilishia tarehe ya kabla ya 1900 atapata Jumatatu, na atakuwa amekosea.

Kwa ya Kiyahudi, kumbuka kinga moja: siku ya kwanza ya mwaka mpya, 1 Tishri, haianguki Jumapili, Jumatano wala Ijumaa. Hesabu yako ikikupeleka huko, irudie.

Na serikali zilizofuta juma lenyewe?

Ufaransa ya mapinduzi iligawa mwezi katika mafungu ya siku kumi. Kalenda hiyo ilihesabu kuanzia 22 Septemba 1792 na ikafutwa 1 Januari 1806. Umoja wa Kisovyeti ulitumia juma la kazi la siku tano kuanzia 1929, la siku sita kuanzia 1931, hadi kurudi kwenye saba mwaka 1940. Hakuna kati ya hayo kilichogusa mfululizo wa siku saba. Uliendelea chini yake. 9 Thermidor mwaka II, siku Robespierre alipoangushwa, ni 27 Julai 1794, Jumapili. Badilisha tarehe kwanza, kisha piga hesabu ya kawaida.

Programu moja imenipa jibu hili, nyingine jibu lile. Niamini ipi?

Uliza kila moja inafanya nini kabla ya Oktoba 1582. Nyingi, ikiwemo moduli ya tarehe ya Python, hurudisha kanuni ya Gregori nyuma hadi mwaka 1, kana kwamba Juliasi haikuwahi kuwapo. Hilo si kosa, ni makubaliano, na kwa mtu wa kompyuta yana manufaa. Ila ukiiandikia 29 Mei 1453 bila kubadilisha tarehe, itakupa siku isiyo ya hati yako. Nyingine hubadilisha kalenda mwaka 1582 kwa dunia nzima, na amri ya `cal` kwenye mifumo ya Unix kwa kawaida hubadilisha 1752, kwa kufuata Uingereza.

Kipimo changu ni kimoja. Iulize programu 2 Septemba 1752 na 14 Septemba 1752. Ikisema Jumatano na Alhamisi, inafuata Uingereza. Ikisema Jumamosi na Alhamisi, inatumia Gregori kwa zote mbili.

Excel ina tatizo lake: huhesabu 1900 kama mwaka mrefu, kasoro iliyorithiwa kwa makusudi kutoka Lotus 1-2-3, programu ya majedwali iliyoitangulia. Kwa hiyo siku za juma za Januari na Februari 1900 huziweka nyuma kwa moja. 1 Januari 1900 ilikuwa Jumatatu, yenyewe husema Jumapili.

Kuna namba moja inayounganisha kalenda zote?

Ipo. Joseph Scaliger alipendekeza mwaka 1583 kipindi kirefu kinachoanza 1 Januari 4713 KK kwa Juliasi, na wanaastronomia wakaja kuhesabu siku mfululizo kutoka hapo, kila moja ikianza adhuhuri. Siku iliyoanza adhuhuri ya 1 Januari 2000 ni namba 2,451,545. Gawanya kwa 7, inabaki 5. Katika hesabu hiyo sifuri ni Jumatatu, basi ongeza 3 ili uirudishe kwenye namba zetu: 8, toa saba, 1. Jumamosi. Ukishughulika na kalenda tatu au nne kwa pamoja, geuza kila tarehe iwe namba hii kwanza. Utaona mara moja zipi ni siku moja na zipi si moja.

Naweza kurudi nyuma hadi wapi?

Kwa uhakika, hadi mwaka 8 BK. Kabla ya hapo Warumi walikuwa wamekosea kuweka miaka mirefu, wakiiweka kila baada ya mitatu badala ya minne, mpaka Augusto aliporekebisha. Hesabu inaendelea kufanya kazi kwenye karatasi, lakini tarehe ya Kirumi ya siku zile huenda si ile unayodhani. Kumbuka pia kwamba wanahistoria hawana mwaka 0: 1 KK hufuatwa na 1 BK, wakati wanaastronomia huuita 1 KK mwaka 0.

Na majina ya siku nayo yalikuwa bado yanatulia. Ukutani Pompeii kuna mtu aliyechora tarehe 6 Februari mwaka 60 akaiita siku ya Jua, yaani Jumapili. Hesabu yetu inasema Jumatano. Ukuta upo, maandishi yapo, na pengo la siku tatu lipo.

Siku na tarehe zimegongana kwenye hati yangu. Nifuate ipi?

Fuata siku, uhoji tarehe. Na kabla hujaamua chochote, pima pengo, kwa sababu ukubwa wake unakuonyesha lilikotoka.

Hati ikiwa siku tatu mbele ya hesabu yako, na ni ya kati ya 1582 na 1700, umetumia Gregori kwa tarehe ya Juliasi. Kwa miaka ya 1700 pengo hilo ni siku nne, kwa 1800 ni tano. Likiwa moja au mbili, na tarehe iko kati ya Januari na Machi, angalia mwaka ulianza lini. Likiwa moja kwenye hati ya Hijria, ni mwezi au machweo. Likiwa tano, tazama upya ile tarakimu: huenda 18 ni 13. Isogeze hati dirishani uiangalie kwa mwanga wa pembeni, uone kama kitanzi cha juu cha hiyo nane kimefunga.

Pengo likikataa maelezo yote hayo, andika siku na tarehe kama zilivyo, weka hesabu yako pembeni kwa penseli, na uache nafasi.